Jicho la Miguu Mitatu

Swichi iko mlangoni, kitanda kiko dirishani,
na baina yao hatua saba
ambazo baba yangu, Msellem, tangu avunjike nyonga,
huzitembea kwa macho tu.
Kuniita usiku hataki. Hukaa gizani,
kukicha akasema alilala fofofo.

Nikaenda Mwembe Tayari,
nikanunua rilei, transista, diodi mbili,
na jicho dogo jeusi la miguu mitatu, kama punje ya mbaazi.
Rimoti tulikuwa nayo: televisheni ilishakufa,
yenyewe ikabaki kwenye droo, imefungwa raba tumboni.
Muuzaji akaielekeza kwenye kamera ya simu, akabonyeza.
Pale peusi pakawaka zambarau.
Mwanga upo. Macho yetu ndiyo hayakualikwa.

Siku tatu nililehemu juu ya sinia.
Huku volti tano, zisizomtia mtu hata mnyeo;
huku mia mbili na arubaini,
zilizomteremsha binamu yangu Badi ngazini bila kukanyaga ngazi.
Baina yao niliacha upana wa kidole,
hakuna shaba, hakuna risasi.
Ndani ya rilei sumaku huvuta ulimi, tak:
mnyonge ameliamrisha jitu, wala hawajapeana mkono.

Nikazima meni swichi. Nikapima kwa bisibisi ya kijitaa.
Nikapima tena, maana viganja vilikuwa jasho
na hapa kosa halingoji samahani.
Vyote nikavifungia ndani ya kopo la plastiki la halua
lililokuwa bado linanukia iliki.

Tak. Baba akawasha. Akazima. Akawasha.
Mara kumi na moja, na mimi nahesabu tokeni za stima.

Usiku wa pili, saa nane, taa ikawaka yenyewe.
Ikazima. Ikawaka.
Baba akasoma Ayatul Kursi; mimi nikashuku kapasita.
Nikachungulia. Ng'ambo ya kichochoro,
kisichopitisha mikokoteni miwili,
Bi Ruweida yu macho, televisheni yake chini ya dirisha,
anahama stesheni hii hadi ile
kwa rimoti yenye lugha moja na yetu.
Mwanga wake ulivuka, ukaingia kwetu bila hodi.

"Kesho nitaziba jicho upande ule," nikasema,
"utepe kidogo tu."
Taa ikazima. Ikawaka.
"Iwate," akasema baba.

Akaichukua rimoti, akalenga, si kwenye jicho, dirishani,
akabonyeza sauti, akakandamiza.
Ng'ambo mtangazaji akapaaza bei ya vitunguu
mtaa mzima wa Kibokoni ukasikia.
Kisha kimya.
Kisha kicheko cha mtu mzima, saa nane na robo.

Utepe niliununua. Umo kwenye droo.