Kopo la Funguo

Nimeajiriwa kuandika kitabu cha miaka mia moja na arobaini:
jalada gumu, picha za rangi, zawadi kwa wafadhili.
Ofisi ya Rais wa Chuo imekwisha chagua jina,
"Kutoka Mshumaa hadi Maabara".
Fundi wa kufuli, Kazimierz Wojtas, anayestaafu Ijumaa,
amenipa kopo la biskuti, zito kama tofali.

"Hizi," kasema, "milango yake haipo."

Namwaga mezani. Kila ufunguo na kikaratasi chake cha uzi,
wino umefifia, kutu imelamba herufi.

Huu mrefu, wa meno mawili: chumba juu ya duka la matandiko ya farasi,
hatua mia kutoka Mto Ohio,
ambako Mchungaji Obadiah Pruitt aliwafunza hesabu usiku
vijana tisa wa kiwanda cha vioo,
viganja vimeungua, vichwa vikinesa kwa usingizi,
na mmoja, lasema daftari, alilipa ada kwa makaa.

Huu mdogo, wa shaba: mlango wa nyuma,
walikoingilia wanawake mwaka wa 1894,
maana wakipita mbele, walisema wazee wa baraza,
wanaume wangezubaa.
Wilhelmina Asch alipita hapo miaka minne,
akatoka na shahada ya kemia,
na mlango akauacha wazi.
Theluji ikaingia hadi ukumbini.

Huu wa chuma hauna jina, una namba tu:
wakati wa vita, orofa ya tatu chini ya ardhi.
Wojtas hasemi. Babake naye hakusema.

Kisha, nahesabu mara mbili, sitini na mmoja wa aina moja,
funguo za nyumba, za kawaida, za watu.
Mtaa wa Garnet, upande wa mashariki.
Kinyozi. Kanisa la Waslovakia. Nyumba ya Odessa Tillery,
mfua mashuka wa hospitali,
aliyekataa kuuza miaka saba,
akafagia ngazi yake kila asubuhi
tingatinga likikohoa kwa jirani.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Chuo kina daftari. Mtaa ulikuwa na funguo.

Leo pale pana Maabara ya Damu,
vioo vitupu, ndege hujigonga.
Na mjukuu wa Odessa, nimempata, anaitwa Lavelle,
yu hai kwa dawa iliyopikwa humo,
juu kidogo ya pale lilipokuwa jiko la bibi.
Nikamuuliza: una hasira, au shukrani?
Akacheka hadi akapaliwa.
"Jumanne hasira," akasema.
"Alhamisi ndiyo siku ya sindano."

Nikaandika ukurasa mmoja. Mhariri akaurudisha:
"walibomoa" imekuwa "chuo kilipanuka".
Nikarudisha neno langu. Akarudisha lake.
Wiki ya tatu sasa.

Ijumaa. Wojtas anavua aproni.
Namwonyesha ufunguo wa Odessa: niufanyeje?
Anauinua kwenye taa, anaupuliza vumbi,
kisha, kwa mazoea, anaupaka mafuta
usije ukakwama.