Nukta Nne

Ndani ya kompyuta, herufi ni namba iliyovaa sura.
a ni tisini na saba; A, sitini na tano.
Kati ya ndogo na kubwa pana thelathini na mbili,
na kuikuza ndogo ni kutoa, wala si kuongeza.
Nilicheka sana darasani siku niliyojifunza hilo:
herufi hukua kwa kupunguziwa.

Nikaajiriwa İscehisar, mji wa marumaru,
ambako vumbi jeupe hulala juu ya magari, juu ya mikate,
juu ya kope za mzee Satılmış, mchonga mawe ya makaburi.
Wafiwa huandika jina la marehemu kwenye simu
kwa herufi ndogo, haraka haraka, wengine bila kutazama.
Programu yangu hulipandisha jina liwe la herufi kubwa,
kisha mashine hulikata jiweni.
Mstari mmoja tu wa msimbo. Niliujaribu kwa jina langu:
nurhan ikatoka NURHAN.
Nikafunga kazi, nikaenda kunywa chai.

Jina langu halina i.

Novemba akaja Bi Müzeyyen, mkoba kifuani.
Hakukubali kiti. "Huyu mliyemwandika," akauliza, "ni nani?"
Mumewe alikuwa Rifat Dikici, fundi viatu.
Jiwe lilisema RIFAT DIKICI.
Mgeni angepita asione kasoro.
Lakini kwetu i ziko mbili, ndugu wasioazimana nguo:
yenye nukta hukua na nukta yake, İ;
isiyo na nukta, ı, hukua kichwa wazi, I.
Moja huketi mbele, karibu na meno;
nyingine hutoka nyuma ya ulimi, kama mtu anayeinua gunia.
Bi Müzeyyen akatusomea jiwe kama lilivyo, neno kwa neno,
Rıfat Dıkıcı,
akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Seva tuliyoikodi ilikaa nchi nyingine.
Haikujua Kituruki, na mimi sikuiambia.
Iliona i, ikatoa thelathini na mbili, ikapata I,
ikasonga mbele. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kusahihisha kulikula dakika tatu:
herufi mbili, tr, ndani ya mabano,
maana yake: kuza, ila kuza kwa Kituruki.
Kilichonikalisha hadi usiku ni orodha.
Majina sitini na moja tangu Septemba,
kumi na moja yamekwisha kusimikwa.
Nikapiga simu, nyumba baada ya nyumba,
nikijieleza kwa watu waliodhani nauza bima.
Mmoja alikata simu. Mmoja alitaka pesa zake, akapewa.
Binti mmoja wa Bolvadin akanyamaza kitambo,
kisha akasema: "Liache. Baba hakujua kusoma."

Mzee Satılmış hakunilaumu.
Jina lake lina ı mbili, mashine haijamkosea hata siku moja,
na alilisema hilo kama mtu anayeomba radhi.
Akabeba tindo na nyundo ndogo, tukapanda makaburini,
theluji ya kwanza ikiwa bado haijaamua kama ishike au iyeyuke.
Akapiga goti mbele ya Rifat.
Moja juu ya jina. Tatu juu ya ukoo.
Alizichimba kwa mkono, kwa kina kuliko herufi zenyewe,
na baina ya nukta na nukta zikapita nukta nyingi
ambazo hakuna aliyezijaza kwa maneno.

Ya tatu ilikwenda upande.
Mzee akaapiza chini kwa chini, akataka kuipanua ifanane na wenzake.
Bi Müzeyyen akamshika mkono.
Akavua glovu, akaipapasa kwa kidole gumba,
akasema: "Iache hapo. Rifat naye
alikuwa akipigilia misumari hivyo hivyo."