Kiambatisho C

Mimi ndiye ninayepiga chapa bajeti ya komini ya Kadutu.
Kitufe cha sifuri kilikufa zamani,
kwa hiyo milioni zetu naziandika kwa herufi O,
vinywa sita vilivyo wazi nyuma ya tarakimu moja,
na hadi leo hakuna mkubwa aliyeniuliza.

Mstari wa arobaini na mbili: mfereji wa maji ya mvua.
Mwaka jana ulikuwepo. Mwaka juzi ulikuwepo.
Naunakili kama mtu anayemsalimia jirani
bila kungoja aitikie.

Machi walikuja watu wa mipango na chati zao.
Safari hii, walisema, raia ndio watakaochagua.
Uwanja wa parokia ukajaa hadi kwenye ngazi.
Harage ni mfereji, punje ya hindi ni bomba la maji,
kijiwe ni taa za barabarani.
Watu wakachagua kwa ncha za vidole,
polepole, kama wanaopembua chakula cha mgeni.
Mzee Zihalirwa akauliza: na anayetaka vyote vitatu?
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nabintu, muuza sambaza, alilishika harage lake kwa muda.
Nyumba yake iko pale kilima kinapokatika.
"Mwaka jana," alisema, "toka mlangoni hadi korongoni
nilikuwa na hatua kumi na moja.
Sasa ninazo nne, na hizo ni hatua zangu mimi,
si za mwanangu mwenye miguu mirefu."
Kisha akaliachia.
Likalia *ti* ndani ya beseni.

Harage lilishinda. Mia tatu na kumi na nne.
Tukatia kura zote ndani ya bahasha, tukaigonga muhuri,
tukaiita Kiambatisho C,
tukaiweka katika kabati ambalo mlango wake haufungi.

Juni jibu likashuka kutoka juu
(kwetu kila kitu hushuka: maji, udongo, majibu):
mgao haujafika; ukifika, mishahara kwanza;
mishahara ikiisha, deni la mafuta ya gari;
mfereji usubiri awamu ijayo.
Nikaenda kabatini.
Panya walikuwa wamekula maharage na mahindi,
wakatuachia vijiwe.

Jumamosi moja ya Septemba nikawakuta korongoni,
Nabintu na majirani, wanajaza udongo
katika mifuko mitupu ya saruji.
Zihalirwa ameleta mlango wa choo chake uwe ukingo.
Hakuna aliyeniomba karatasi.
Nilibeba mifuko miwili, mgongo ukaniuma wiki nzima,
na katika bajeti nzima sikuona mstari
wa kuuandika mgongo huo.

Leo ninaandaa ya mwaka ujao.
Arobaini na mbili. Kwenye safu ya "kipimo"
badala ya mita nimeandika: hatua tatu za Nabintu.
Bwana Mugaruka ameikata kwa wino mwekundu.
"Hiki si kipimo," amesema, wala hakusema kwa ubaya.

Nimeingiza karatasi nyingine.
Nimepiga mita. Nimepiga kiasi,
tarakimu moja, halafu O, O, O,
O, O,
O.
Wingu limekaa juu ya Bagira.
Nimeacha kupiga, nasikiliza bati.