Kotimiri ya Katuba

Mwaka wa kwanza niliipanda Septemba,
jakaranda zikimwaga maua barabarani,
kwa sababu mwenye duka mmoja kule mjini
aliahidi fungu moja franka elfu.
Sikuuliza habari za mbegu. Niliuliza bei.

Iliota, sikatai.
Wiki ya nne ikaanza kurefuka,
shingo juu, kama mtu anayetafuta mlango kwenye umati.
Majani yakawa nyuzi.
Ua jeupe likafunguka kabla sijachuma hata kiganja.
Jua la Oktoba lilishaiambia: zaa upesi, ufe.
Nayo ikatii.

Mama Masengo alinichekea juu ya ukuta wa matofali,
akacheka mpaka akashika kiuno.
"Weye, hii si lengalenga!
Hii ni mgeni wa baridi. Ngoja Mei.
Ngoja mvua iage, irudi kuchukua mwavuli wake, iage tena.
Ngoja asubuhi utakayosema 'jambo'
ukaona neno lako linatoka moshi,
na watoto wa shule wamevaa sweta za kaka zao.
Hapo."

Punje usiitupe nzima, alisema,
ndani yake wamelala wawili;
ibane chini ya chupa mpaka ipasuke,
iloweke usiku mmoja.
Udongo wa kichuguu. Mavi ya mbuzi, makavu.
Miche usiihamishe:
"Mzizi wake ni kama mimi,
nilihamishwa mara moja, yatosha."
Na usipande yote siku moja, una haraka ya nani?
Tuta leo, tuta baada ya wiki mbili,
hivyo hivyo hadi Julai.
Upepo wa vumbi ukianza, acha.

Miaka sita nilikula kotimiri
juu ya tomsoni, pembeni ya bukari,
nikauza, nikalipa karo ya Kabedi.

Novemba tulimzika, matope yakituvua viatu.
Aliniachia kopo la maziwa
limefungwa kwa ukanda wa kitenge chake cha kijani.

Leo ni Januari. Joto limekaa juu ya bati.
Mwenye duka amepandisha: fungu elfu mbili,
hata dogo, hata la kesho.
Natikisa kopo. Mbegu zinajibu.
Nalirudisha juu ya kabati.

Jirani mpya, juu ya ukuta uleule,
ananiuliza tuta tupu lile linangoja nini.
Nafungua mdomo nimjibu,
natazama hewa mbele ya midomo yangu.

Hakuna moshi.