Mto wa Mita Arobaini

Kwenye katuni, fisimaji huvuka mto kwa sekunde kumi na moja.
Nimezihesabu. Nilikaa kwenye kigoda cha cherehani,
rimoti mkononi, pini mdomoni,
nikamrudisha nyuma, nikamwachia, nikamrudisha:
wino wa buluu unafunguka kama zipu,
mkia unachora herufi isiyokuwamo katika alfabeti yetu,
na ng'ambo ya pili anajikung'uta, keshakauka.

Sekunde kumi na moja.
Ignacy, mwongozaji, anataka dakika tatu na nusu
na wimbo ndani yake.

Lakini fisimaji huyu hajawahi kusema neno, nikamwambia.
"Jukwaani," akanijibu, "bubu hauzi tiketi."
Akacheka peke yake. Kisha akaniagiza mto.

Mto huuzwa kwa mita. Nilikwenda kwa Celina,
nyuma ya kiwanda cha zamani cha pamba,
maana mji wetu wa Łódź jina lake maana yake mashua
ila maji yake hayatoshi kumwogesha bata.
Tulichonacho ni nguo. Bibi zetu walikohoa nyuzi.
Nikachagua hariri ya kijivu, mita arobaini.
"Ya harusi?" Celina akauliza.
"Ya kuzamia."

Mkia niliushona mara nne.
Wa kwanza ulinaswa na mlango wa lifti.
Wa pili ulikuwa mzuri mno, ukamtangulia mwenyewe.
Wa tatu Jagoda aliukalia, akalia.
Wa nne una waya wa mwavuli na soksi za mume wangu,
nao huchelewa kidogo nyuma yake
kama mtoto aliyeitwa kuoga.

Juma la mwisho la mazoezi akaja Bi Bogumiła Wrzosek,
miaka themanini na mmoja, mfuko wa plastiki mapajani.
Yeye ndiye aliyemchora. Picha mia moja thelathini na mbili
kwa zile sekunde kumi na moja tu, kwa taa ya jikoni,
mwanawe akiwa amelala, kidole cha kati kikiota sugu ya kalamu.
Sugu bado ipo. Niliiona alipovua glavu.
Tukanyamaza kama wezi waliomkaribisha chai mwenye mali.

Wachezaji wanne wakakamata pembe za hariri.
Piano ikaanza. Jagoda akaingia chini, akatambaa, akaimba,
na kwenye ubeti wa pili pumzi ikamwishia.
Hakusimama. Ikasikika tu ile heh, heh
ya mtu wa kilo hamsini na nane anayekokota waya
chini ya nguo nzito, magoti yakigonga mbao.
Ignacy akapiga makofi: basi, basi, tuanze upya.

"Mwacheni," Bi Bogumiła akasema.
Hakuinua sauti.
"Mara mia moja thelathini na mbili nilimtia majini,
na sikukumbuka hata mara moja kumpa pumzi."

Mpiga piano akatazama vidole vyake.
Usiku huohuo wimbo ukakatwa, beti mbili kati ya tatu.
Seweryn, mtunzi, hakunisalimu kwa siku sita,
kana kwamba ni mkasi wangu uliomkata.

Mengine hayakuwezekana. Mwezi unaoyeyukia mtoni,
tuliuacha. Samaki elfu wamebaki watatu,
na mmoja ameshonwa tumbo.
Kule kwenye karatasi vitu hugeuka; huku hubebwa,
na anayebeba ana mgongo.

Usiku wa kwanza nilisimama nyuma ya pazia la pembeni,
sindano yenye uzi imechomekwa kolani.
Hariri ikainuka. Mtoto wa safu ya tatu akapaza sauti:
"Mama, ni kitambaa! Na yule dada yuko chini yake!"
Watu wakacheka. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, mto ulikuwa umefika ukingo wa jukwaa,
pumzi ile ikipanda, heh, heh,
na mtoto, huku akijua alichokijua,
alikuwa ameinua miguu yote miwili juu ya kiti
viatu visilowe.