Siwema

Sokoni Newala hawaniiti Somoe.
Wananiita Siwema,
yule wa kwenye runinga, Jumatano saa tatu usiku,
aliyetia kokoto kwenye gunia la korosho
akamtazama karani wa mizani usoni, bila kupepesa,
akamuuliza habari za watoto.

Jina nililichagua mimi. Walitaka Neema.
Nikasema Neema amechoka, mwacheni apumzike.
Siwema ni jina la huku, la mtoto aliyezaliwa siku mbaya
na akabaki.

Muuza dagaa alikataa hela yangu.
"Shemeji yako ulimfukuza usiku, na mvua yote ile!"
Nikacheka. Mama, mvua ile ilikuwa mpira wa maji,
kuna kijana alipanda juu ya bati anamwaga.
Akanipimia dagaa,
ila kikombe hakikujaa.

Mwingine, mbanguaji,
mafuta ya ganda yamemfuta alama za vidole,
alinivuta nyuma ya mashine ya kusaga.
Nikadhani anataka picha.
"Nami nilifanya," akasema. "Mwaka ule wa ukame.
Usimwambie mtu."
Akarudi mezani kwake. Hata jina sikumuuliza.

Ndiyo maana nagombana na waongozaji.
Wananiletea mwanamke jasiri aliyepigwa pasi,
kasimama wima kama mlingoti wa shule,
anasema maneno ya mabango.
Nawauliza: huyu anadaiwa na nani?
Akimkasirikia bosi, nyumbani anamwonea nani?
Chini ya godoro kaficha nini?
Wakikosa jibu nawarudishia karatasi zao.
Au malipo yakiwa mazuri nachukua kazi hivyo hivyo;
na mimi nina kodi ya nyumba.

Siwema nilimpenda kwa sababu ya ndoo.
Sehemu ya saba: analala njaa ili mwanawe ale,
asubuhi anamchapa mwana huyo huyo
kwa maji yaliyomwagika njiani kutoka Mkunya.
Watu wakapiga simu redioni: huyu mama au mnyama?
Sikujibu.
Huku juu, ambako maji yalipanda mlima
kichwani mwa mtu,
swali hilo haliulizwi hivyo.

Mama yangu hana maoni.
Kisimbuzi nimemnunulia mimi. Miezi sita anatazama,
kakaa mkekani, anapukuchua mbaazi.
Matangazo yakija anaongeza sauti,
mchezo ukianza anapunguza.

Jumatano hii nipo. Tunatazama pamoja
marudio ya ile ya mizani.
Baridi imeingia, hatujawasha taa.
Kwenye kioo Siwema anafungua kanga,
anaifunga upya, anavuta pumzi,
anaingia ghalani.

Kule kufunga kanga hakukuandikwa na mtu.
Niliiba.
Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika pembe ya gunia,
mwaka nilioanza kwenda shule na viatu.

Siwema anatoka, anajificha nyuma ya lori, analia.
Chozi lile mwongozaji alilitaka, nikampa.
Lilikuwa zuri. Walipiga makofi
hata wabeba taa.

Mbaazi zikaacha kudondoka kwenye ungo.
Mama hakunigeukia.
"Nilifungia kushoto," akasema.

Likapita tangazo zima la sabuni.

"Na sikulia. Nilipitiliza dukani kwa Nannauka
nikachukua viatu vilivyokuzidi namba mbili.
Vikakuchubua, ukaninunia mwaka mzima.
Mwaka wa pili vikakuenea."