Kisanduku cha Saba

Fomu imetoka wilayani, karatasi ya njano:
Ukuaji wa Misuli Mikubwa, Miaka Minne hadi Sita.
Kisanduku cha saba kinauliza,
je, mtoto anasimama kwa mguu mmoja, sekunde tano?
Kwa Pandu nimeandika: bado.
Mwezi wa pili, bado.
Mwezi wa tatu nikaandika kwa penseli,
kwa kuuonea haya wino.

Alizaliwa miezi haijatimia, huku Gunungkidul,
nchi ya mawe na misaji,
mwaka ambao kisima chetu kilitoa tope.
Bibi yake hakumweka chini.
Alimbeba ubavuni kwa kitambaa cha batiki
mpaka miguu ya mtoto ikaning'inia kwenye magoti yake,
na alipochoka kubeba, akampa simu.
Simlaumu. Aliyenusurika kuzika, hubeba.

Saa nne kengele inalia, ua wa saruji unawaka.
Wening, miaka sita, mapengo mawili,
anachora kwa kipande cha tofali:
vyumba vitatu kama ngazi, viwili mabega,
kimoja shingo, na juu kabisa nusu duara,
hiyo wanaiita mlima.
Engklek.
Unatupa kigae, unaruka kwa mguu mmoja,
chumba chenye kigae hukigusi,
ukikanyaga mstari umekufa,
na kufa kwenyewe ni kungoja zamu.
Anayemaliza huupa uwanja kisogo, akarusha kigae nyuma;
kikitua chumbani, chumba ni shamba lake,
na sisi wengine tutaliruka daima,
au mpaka mvua.

Pandu alikuwa mtunza vigae.
Alivipanga kwa ukubwa, akavifuta kwa fulana.
Kwenye fomu nilimhesabu mchezaji,
Mungu anisamehe.

Jumatano ile mvua ikafuta mashamba yote.
Wening akachora upya, na vyumba, sikuuliza kwa nini,
vikawa vidogo, hatua ya kuku.
"Vigae vimekuzoea," akamwambia Pandu. "Tupa wewe."
Akatupa. Chumba cha pili.

Kwanza mikono: ikafunguka
kama ya mtu anayezuia milango miwili.
Kisha ulimi, nje, upande wa kushoto.
Kisha mguu ukaacha saruji, tu,
chumba cha kwanza.
Cha pili akakivuka, sijui vipi.
Mabegani akapumzika kwa miguu miwili, inaruhusiwa,
mlimani akageuka,
akarudi.
Chumba cha tatu akayumba,
kiuno kikienda sokoni, kichwa kikibaki nyumbani,
na kigae kikimngoja mbele yake.
Akainama.
Hakuna kisanduku kinachouliza hilo:
kuinama kwa mguu mmoja, kuokota, kuinuka,
na mguu wa pili bado uko hewani.
Bado. Neno langu lile lile.

Mstari wa mwisho akaukanyaga.
"Umekufa!" Wening akapiga kelele,
naye akaenda nyuma ya foleni, kifua mbele,
kungoja zamu.

Saa ilikuwa mfukoni mwangu.
Sekunde nne? Sita? Sikuhesabu,
na fomu haina mahali pa kuandika nilisahau.

Jioni, ua mtupu, nikavua viatu.
Miaka hamsini na mitatu; goti la kulia
hutabiri mvua kuliko redio.
Nikatupa kigae. Chumba cha kwanza, tu.
Cha tatu, tu, nikatafuta pa kushika
pasipo na kitu cha kushika,

"Bu Guru amekanyaga!"
nyuma ya ukuta, sauti tatu,
na iliyotangulia ni ya Pandu.